Mzigo wa vijiti

Konda aliutazama mzigo wangu, akaniuliza kuni hizo nazipeleka wapi. Nikamwambia si kuni, ni mbegu. Akacheka. "Mbegu gani ndefu kama fimbo ya mchungaji?" Mama mmoja wa siti ya mbele akanijibia kabla sijafungua mdomo: "Muhogo huo, mwanangu. Kwani kwenu mnapanda nini?" Watu wakaangua kicheko, mzigo ukaingia kwenye buti bila kulipiwa, nami nikasafiri kutoka Dar es Salaam hadi Muheza nikijiona mjukuu bora kuliko wajukuu wote wa mkoa wa Tanga.

Mlikuwa na vijiti 40. Vilitoka shambani kwa mjomba, Mkuranga. Mwezi uliotangulia nilikula muhogo wa pale, nikachanganyikiwa: ukiuchemsha unapasuka wenyewe, mweupe, unga mtupu, hata nazi hauidai. Nikasema huu lazima bibi auonje. Na muhogo mtu hapelekewi kwenye sahani. Anapelekewa kijiti, ajipandie, ale miaka yote.

Nilichomfanyia bibi nitakisema. Lakini hakitaeleweka mpaka tuelewane kwanza kijiti cha muhogo ni kitu gani.

Nikiwa darasa la sita, mtihani wa sayansi uliuliza: mbegu ni nini? Nikaandika, "Mbegu ni kitu chochote unachopanda kikaota." Nikapata sifuri na mstari mwekundu juu yake. Jibu lililotakiwa lilikuwa na ua ndani yake, na chavua, na kiinitete, na ganda la nje. Mwalimu alikuwa sahihi, simlaumu. Ila nyumbani kwetu mbegu ya muhogo ni kijiti, mbegu ya viazi vitamu ni marando, mbegu ya muwa ni pingili, mbegu ya pilipili manga ni kipande cha mtambaazi wake, na mbegu ya mgomba ni mtoto anayeng'olewa ubavuni mwa mama yake. Zote hizo hazikupitia kwenye ua. Bado nadai alama zangu.

Sekondari ndipo nilipopata kujua kwamba jambo hili lina sura yake kwenye kitabu: uzazi usiohusisha jinsia, mmea kujiendeleza kwa shina, mzizi au jani. Tukakariri mifano, tukafaulu, tukasahau. Neno linalonikwaza mpaka leo ni hilo la kwanza, uzazi. Mbuzi akizaa, aliyezaliwa ni mwingine. Ana pua ya mama na ukaidi wa baba. Ukikata shina la muhogo vipande kumi ukavipanda, hukupata watoto kumi. Umepata muhogo uleule, umesimama kwenye mashimo kumi.

Bibi yangu anayajua haya kwa mikono. Kijiti hakikatwi kwenye ncha ya juu, kwani hapo shina bado ni laini, litakauka kabla ya kuota. Wala hakikatwi chini kabisa, kwenye ukuni. Anachukua katikati, kwenye mmea uliokaa zaidi ya miezi minane lakini haujazeeka, na anapima kwa mkono: shibiri moja na vidole viwili. Ukichukua rula utakuta ni kama sentimita 25, na ukihesabu vifundo utapata vitano hadi saba, yaani kilekile ambacho maafisa kilimo wanakifundisha kwenye semina. Kabla ya kupanda anakwaruza ganda kwa ukucha. Maziwa yakitoka, kijiti ki hai. Yasipotoka, kinakwenda jikoni.

Halafu anakilaza kwenye tuta kimeinama, macho yakitazama juu. Nilipokuwa mdogo niliwahi kupanda mstari mzima kichwa chini miguu juu, kwa haraka ya kwenda kucheza mpira. Viliota, lakini kwa kusuasua, vikapinda kama watu wanaotafuta mlango gizani. Kijiti kinajua juu ni wapi na chini ni wapi hata baada ya kukatwa pande zote mbili. Muhogo ukiwa mzima, kilele chake hutengeneza homoni iitwayo oksini na kuiteremsha shinani, na oksini hiyo huyaambia macho ya chini yaendelee kulala. Panga likipita, amri inakatika. Macho yanaamka. Oksini iliyobaki ndani ya kijiti nayo inaendelea kuteremka, inarundikana kwenye ncha ya chini, na hapo ndipo mizizi inapoanza kutokeza. Kila jicho lina chembe changa ambazo hazijapangiwa kazi moja. Zikiamshwa zinaweza kutoa tawi, majani, mmea mzima. Mkono wa binadamu ukikatika ni msiba. Muhogo ukikatika ni msimu wa kupanda.

Muhogo wa bibi una jina: Shangazi. Alipewa na shangazi yake mwaka alioolewa, vijiti vichache ndani ya kanga, na mwaka huo hata yeye mwenyewe anaukumbuka kwa mvua zilizonyesha, si kwa tarakimu. Mama yangu ni mtoto wake wa nne na amestaafu, kwa hiyo pigeni hesabu wenyewe. Miaka yote hiyo Shangazi hajazaa hata mara moja. Amekuwa akihama tu, kutoka tuta hili kwenda lile, akiacha mwili wa zamani na kuingia mwili mpya, na muhogo niliokula nikiwa mtoto ulikuwa mmea uleule aliokula babu akiwa bwana harusi.

Si kwamba muhogo hauwezi kuzaa kwa njia ya kawaida. Unachanua, unatoa vitunda vidogo vyenye vyumba vitatu, na jua likikaza vinapasuka kwa mlio na kurusha punje. Mara mojamoja punje huota yenyewe pembeni mwa shamba. Bibi anauacha mche huo ukue, anaung'oa, anauonja, na mara nyingi anautema. "Huyu simjui baba yake," husema. Na kweli, mche wa punje ni mchanganyiko mpya. Unaweza kuwa mtamu, unaweza kuwa mchungu wa kukupeleka hospitali. Aina mpya za muhogo duniani zimetoka kwa njia hiyo ya bahati nasibu. Kisha mtu akipata aliyempenda, anakata kijiti, na bahati nasibu inafungwa.

Kuna mmea mwingine pale kwetu ambao hata bahati nasibu hiyo hauna, na ndio uliomleta babu. Alitoka Songea akiwa kijana, manamba wa kukata mkonge, akaishia kuoa Mbondei na kusahau njia ya kurudi. Mashamba ya mkonge yalikuwa uwanja wetu wa kuchezea. Mkonge unakaa miaka saba, minane, wakati mwingine zaidi ya kumi, unatoa majani tu. Halafu siku moja unasimamisha mlingoti katikati, unaopita paa la nyumba, unachanua, na kufa. Maua yanapukutika bila tunda. Pale maua yalipokuwa panaota vitoto, vimikonge vidogo kamili, na majani yake, vinaning'inia juu angani kama wanafunzi wamekwea mti. Mlingoti mmoja unaweza kubeba vitoto elfu mbili na ushei. Vikidondoka vinashika ardhi. Tulikuwa tunavikusanya na kufungulia mashamba yetu ya michezo, mmoja wetu akiwa meneja na wengine manamba, na meneja kila mara alikuwa yule mwenye viatu.

Kwa nini haupati tunda? Mmea unapotengeneza chavua au yai hugawa kromosomu zake, yaani nyuzi zinazobeba urithi, nusu kwa nusu. Mkonge una seti tano. Jaribu kuwagawia watoto wawili maandazi matano bila kukata hata moja, utaelewa. Migomba mingi tunayokula ndizi zake ina seti tatu na shida hiyohiyo, ndiyo maana ukimenya ndizi unakuta vidoa vyeusi katikati: hizo ni punje zilizoshindwa kuwa punje. Mgomba umejitafutia njia ya chini kwa chini, unatoa machipukizi kwenye tunguu lake. Mkonge umejipatia njia mbili: vitoto vya juu na maotea ya chini.

Sasa sikilizeni hesabu hii. Mwaka 1893 Mjerumani mmoja, Richard Hindorf, mtaalamu wa kilimo wa kampuni ya Kijerumani iliyokuwa ikitawala mashamba ya pwani yetu, aliagiza vitoto 1,000 vya mkonge kutoka Florida. Asili yake ni Yucatán, Mexico, ambako bandari iitwayo Sisal ndiyo iliyoupa jina la kizungu. Daktari wa Kimarekani, Henry Perrine, ndiye aliyekuwa ameuvusha hadi Florida katika miaka ya 1830. Vitoto vya Hindorf vilipita Hamburg, vikakaa baharini, vingi vikaoza njiani. Vilivyofika hai na kupandwa Kikogwe, karibu na Pangani, vilikuwa 62.

Sitini na viwili. Ukivipanga vinatosha uani kwa bibi na kuku bado watapata pa kupita. Kutoka hapo likatoka zao lililoitwa dhahabu ya kijani, likajaza Tanga, Korogwe, Muheza na kwingineko, reli pembeni yake, mashine za korona, zile za kukamua majani yabaki nyuzi, zikivuma usiku kucha, watu wakiletwa kutoka kusini na Burundi na Rwanda. Mwaka 1964 Tanganyika ilitoa zaidi ya tani 230,000 za katani. Hakuna mbegu ya punje iliyohusika. Kilichofanyika ni vitoto vya mlingotini kupelekwa kitaluni, kutoka kitaluni kwenda shambani, na wale 62 wakazidi kuenea pasipo kubadilika.

Babu alikufa akiamini kila shamba lilikuwa na mkonge wake. Kumbe alikata mkonge mmoja maisha yake yote.

Mimea yote ikiwa mmea mmoja, faida yake ni kwamba unajua unachokipata. Hasara yake ni hiyohiyo. Ugonjwa ukijifunza kufungua mlango mmoja, umefungua nyumba zote. Kule Mlingano, Muheza, watafiti wa mkonge walihangaika kwa miaka mingi kuulazimisha ukoo huu uzae kwa chavua, wakichanganya ndugu zake wanaoweza kutoa punje, wakapata chotara namba 11648, ambaye anatoa majani mengi mno kuliko mkonge wa Hindorf kabla hajasimamisha mlingoti. Akapandwa kwetu, akapelekwa mpaka China. Na jinsi ya kumwongeza? Vitoto na maotea, kama kawaida. Baadaye ugonjwa wa kuoza unaoacha mistari kwenye majani kama ya pundamilia ukamkuta amejipanga hekta kwa hekta, wote wakiwa na mwili mmoja.

Nirudi kwenye mzigo wangu.

Bibi alivipokea vijiti vile kwa vigelegele. "Mume wangu hajaja mikono mitupu," akawatangazia majirani, maana kwetu mjukuu wa kiume ndiye mume wa bibi, na babu akiwa hai alikuwa anakasirika kwa utani. Akakwaruza kimoja kwa ukucha, maziwa yakatoka. Akavipanda upande wa kaskazini wa shamba, jirani kabisa na Shangazi, na mvua za masika zikavipokea. Vikaota vyote 40. Nilipigiwa simu kila mwezi kupewa habari za wake wenza hao wawili na nani anakua haraka.

Mwezi wa kumi na tatu simu ikaja tofauti. "Njoo uuone muhogo wako." Hakuongeza neno, nami nikajua si wa kusifiwa.

Tulichimba wa kwanza. Kwa nje ulikuwa mzuri, ila umebanwa kiunoni kama uliofungwa kamba. Bibi akaukata. Ndani mlikuwa na mabaka ya kahawia, makavu, magumu, kama kizibo cha chupa kilichopandikizwa kwenye nyama nyeupe. Wa pili hivyohivyo. Wa tano ulikuwa umeoza nusu. Kisha bibi akapiga hatua mbili, akachimba Shangazi wa mpakani, akaukata na huo. Mabaka.

Ugonjwa huo wakulima wa pwani wanauita michirizi ya kahawia. Ni virusi. Nzi weupe wadogo wanaokaa chini ya majani huvichukua kutoka mmea hadi mmea, lakini nzi hawasafiri kilomita mia tatu. Anayevisafirisha masafa marefu ni mtu mwenye mzigo wa vijiti kwenye buti la basi. Punje ya mmea mara nyingi ni kama chujio, virusi vingi haviingii humo. Kijiti hakichuji. Ni mwili uleule, umekuja na homa zake zote.

Kilichoniuma ni kwamba dalili zilikuwepo Mkuranga, nami nilipita katikati yake nikila. Michirizi haionekani kwenye majani ya juu ambayo kila mtu huyatazama. Iko kwenye majani ya chini, yaliyokomaa, rangi ya manjano ikifuata mishipa, na kwenye shina bichi kuna vistari vya kahawia ambavyo mtu hudhani ni mikwaruzo. Mjomba hakunidanganya. Pale kwao wamezoea kuvuna mapema, miezi minane au tisa, kabla uozo haujaingia mzizini, na utamaduni huo umekuwa wa kawaida kiasi kwamba hakuna anayekumbuka ulianza kwa sababu gani. Nilikula muhogo wa miezi minane. Bibi, kama alivyofundishwa na shangazi yake, aliuacha ukomae.

Uani kwa bibi ukiinua macho unaiona milima ya Usambara. Huko juu, Amani, kulikuwa na kituo cha utafiti tangu enzi za Wajerumani. Batobato, ugonjwa ule mwingine wa muhogo unaokunja majani na kuyatia madoa, ulielezwa kwenye maandishi ya kisayansi kwa mara ya kwanza mwaka 1894, kutoka nchi hii hii. Michirizi ya kahawia ilielezwa mwaka 1936 na H. H. Storey, aliyekuwa hapo Amani. Yeye na wenzake wakaanza kuchanganya muhogo na ndugu yake, ule mti wa mpira ambao majani yake tunayala kama kisamvu cha mpira, wakitafuta ukinzani. Kizazi cha miche yao kimechangia aina nyingi zinazolimwa Afrika leo. Yaani jina la ugonjwa na mwanzo wa dawa yake vilitoka mlimani juu ya nyumba yetu, nami nikaenda kuuleta kutoka Mkuranga, nimelipia nauli.

Na si muhogo tu wala Tanga tu. Mnyauko wa migomba ulioonekana Uganda mwaka 2001 ulikuwa umefika Kagera kufikia 2006, na huko umepita kwenye vitu viwili vya kila siku: panga lisilosafishwa, na mtoto wa mgomba ambaye jirani mwema amekupa. Kunyima mbegu ni aibu kwetu. Sijawahi kusikia mtu akiuziwa marando na jirani yake. Ukarimu huo ndio uliotulisha, na ndiyo njia kuu ambayo magonjwa haya yanapita. Sioni namna ya kulisema hili bila kuwakosea wazee, kwa hiyo nimelisema.

Afisa kilimo wa kata, binti mdogo mwenye pikipiki na uvumilivu, alikuja akatembea shamba zima. Akasema: ng'oeni wote, msitupe pembezoni, chomeni. Kisha mtafute mbegu safi. Mbegu safi ipo, watafiti wa kilimo wa Mikocheni, jijini Dar, wanajua kukata ncha ndogo kabisa ya kilele, mahali ambapo virusi mara nyingi havijafika, na kuikuza kwenye chupa. Zipo pia aina zinazostahimili, kama Kiroba, ambayo huugua lakini mzizi wake hauozi sana. Tatizo ni hesabu. Gunzi moja la mahindi lina punje mamia. Mmea mmoja wa muhogo unakupa vijiti kama kumi kwa mwaka. Mbegu safi inatembea kwa miguu, ugonjwa unapanda basi.

Tulichoma siku mbili. Bibi alikaa kwenye kigoda akitazama moshi, kanga mdomoni. Nikamwomba radhi. Hakunijibu moja kwa moja; aliniuliza kama Dar wanauza betri za redio yake.

Usiku, wakati wa kula, ndipo aliposema: "Shangazi yuko Magoroto."

Nikadhani anazungumzia marehemu. Kumbe mdogo wake aliolewa Magoroto, kule mlimani, na siku ya kwenda kwa mume bibi alimfungia vijiti vichache ndani ya kanga. Miaka zaidi ya arobaini iliyopita. Huko kuna ubaridi, na nzi weupe ni wachache.

Asubuhi nikachukua bodaboda. Bibi mdogo alinipokea kwa uji, akanipeleka nyuma ya nyumba, na palikuwa na mihogo kama ishirini katikati ya mikarafuu. Safari hii nilipiga magoti. Nilitazama majani ya chini, moja moja, mishipa yake. Nilitazama mashina. Nikaomba ruhusa ya kuchimba mitano na kukata mizizi yake vipande, na bibi mdogo akashangaa, maana mgeni huja kula muhogo, haji kuupasua. Miwili ilikuwa na mabaka. Mitatu ilikuwa myeupe mpaka mwisho. Afisa kilimo alikuwa ameniambia mzizi mweupe si hakikisho, virusi huweza kujificha, kwa hiyo nilichukua vijiti vya ile mitatu tu, 27 kwa jumla, na nikamweleza bibi mdogo asitoe mbegu ya ile miwili kwa mtu yeyote. Akaniuliza atawaambiaje watu. Sikuwa na jibu.

Nilivishusha kwa bodaboda, nimevikumbatia. Bibi alivikagua kimoja kimoja, akakwaruza, akatazama maziwa, akanusa. "Ndiye," akasema. Tumempangia mahali pa peke yake upande wa pili wa kisima, mbali na kila kitu, na kila wiki mtu anapita kuangalia majani ya chini na kung'oa wenye dalili. Mpaka naandika haya ni mwezi wa nne, na umeng'olewa mmoja.

Mimi sikupanda hata kijiti kimoja. Niliposhika jembe bibi alinitazama juu ya miwani, akanielekeza kwenye mti wa mwembe. "Wewe mume wangu kaa kivulini," akasema. "Ukirudi Dar, nitumie betri."